Barua ya wazi kwa wakuu wa hifadhi za misitu ya mvua: tufungulieni kabla msitu haujanyamaza

Waheshimiwa,

YAH: SAA YA KUFUNGUA GETI

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Najua mnapokea barua nyingi za wageni, na nyingi zinahusu vyoo, barabara na mtandao wa simu. Hii yangu ina ombi moja tu: geti la msitu lifunguliwe saa 11 alfajiri badala ya saa 2 asubuhi. Mengine yote humu ni kulifafanua ombi hilo, pamoja na mambo mawili matatu ambayo nimeshindwa kuyanyamazia.

Nianze na siku iliyonishikisha kalamu. Hifadhi yenyewe siitaji, maana nikiitaja, ninyi wengine mtapumua na kusema hayo ni ya wale. Si ya wale peke yao; nimeyakuta katika hifadhi zaidi ya moja. Tulifika getini saa 12 na dakika kumi, watu kumi na wanne. Kizuizi kilikuwa kimeshushwa. Mlinzi wa usiku, amejifunika koti hadi masikioni, alitusalimia vizuri na kutuarifu kwamba mwenye funguo na kitabu huja saa 2. Tukakaa juu ya magogo kusubiri.

Nyuma ya kile kizuizi, mbega walikuwa wameshaanza. Aliyewahi kuwasikia atanielewa. Kundi la bonde la kwanza linanguruma, la bonde la pili linapokea, la tatu linadakia, mpaka unadhani kuna pikipiki kubwa zisizo na ekzosi zinapandisha mlima. Hondohondo wawili walipita juu ya paa la ofisi, mbawa zikivuma kama mtu anayepepea jiko kwa nguvu. Mindi mmoja, paa mdogo wa msituni, alichungulia kwenye ukingo wa maegesho ya magari, akainua mguu mmoja wa mbele, akatutazama tulivyo wengi, akaurudisha mguu na kujiondokea. Hayo yote tuliyapata tukiwa nje ya geti, kabla hatujalipa chochote.

Saa 2 kitabu kikafika. Jina, uraia, umri, namba ya simu, sahihi. Watu kumi na wanne, kalamu moja. Kisha malipo, na mtandao ukagoma. Kisha maelezo ya usalama yaliyosomwa kutoka kwenye karatasi iliyofunikwa plastiki, kwa sauti ya mtu aliyeyasoma jana na juzi na mtondo uliopita. Tulipovuka kizuizi ilikuwa saa 3 na robo, na msitu ulikuwa umefunga duka. Nyenje walikuwepo, mto ulisikika kwa mbali, basi. Tukapelekwa mbio hadi kwenye maporomoko, tukapiga picha, tukarudishwa mbio. Mvulana wa miaka kama tisa, aliyekuwa na mama yake, alihesabu kwa vidole alivyoviona: jongoo mmoja, kima mmoja "mgongo tu", na maji. Wakati wa kuondoka alimuuliza mama yake wanyama wamehamia wapi. Kwenye kitabu cha maoni, mgeni aliyesaini kabla yangu alikuwa ameandika: "Mandhari nzuri. Wanyama hakuna."

Wanyama walikuwepo. Sisi ndio tuliofika zamu imekwisha.

Haya ninayoyasema wataalamu wenu wanayajua kunizidi, ila sina hakika kama aliyepanga ratiba ya geti aliwahi kukaa nao meza moja. Msitu wa mvua hauko kama mbuga ya nyasi, ambako simba akilala saa 6 mchana bado unamwona amelala. Msituni, kwenye sakafu ya chini, ni kama asilimia 2 tu ya mwanga wa jua inayofika. Macho yako yanakwama mita ishirini mbele, na sehemu kubwa ya maisha inaendelea mita thelathini au arobaini juu ya kichwa chako, nyuma ya majani. Mahali kama hapo mgeni anategemea zaidi masikio, na masikio yana saa zake. Alfajiri hewa imetulia na ina ubaridi, upepo haujaanza kutikisa majani, sauti inasafiri mbali. Ndiyo maana wenye ujumbe wa kutuma huutuma saa hiyo. Mbega hunguruma alfajiri na husikika zaidi ya kilomita moja. Giboni, wale nyani wasio na mkia wa Asia ya Kusini-Mashariki, huimba alfajiri. Wale kima wa Amerika ya Kati na Kusini wenye koo la kuunguruma nao huanza kabla jua halijatoka. Mabara matatu, na viumbe wasiojuana, wamefikia uamuzi uleule kuhusu saa ya kusema.

Kuna na suala la tumbo. Mbega anakula majani, na tumbo lake lina vyumba kadhaa ambamo majani huchachushwa na bakteria taratibu. Asubuhi, baada ya usiku wa baridi, hupanda hadi vilele vya miti kuota jua, na hapo ndipo unapomwona mzima mzima, manyoya meupe yananing'inia kama shuka kwenye kamba. Kisha anakula. Akishashiba anajichimbia ndani ya majani na kukaa saa nyingi akisaga chakula, kimya, mkia tu ukionekana kama una bahati. Ratiba yenu ya saa 2, ukiongeza foleni ya kitabu, inatuingiza msituni wakati hasa anapojichimbia. Ndege hali kadhalika: ikifika saa 4 au 5 joto limepanda na kwaya imevunjika. Jioni inarudi kidogo, lakini saa 10 mnatutoa.

Nitawasimulia na upande wa pili, ili msidhani nalalamika tu. Mara moja nilibahatika kulala kambini ndani ya msitu, kambi ya kawaida kabisa, hema tatu na kibanda cha kupikia. Usiku mzima perere alilia. Kwa msiyemjua, perere ni mnyama wa ukubwa wa sungura anayelia kama mtu anayekabwa, na anaanza chini chini, kisha anapanda, anapanda, mpaka unajiuliza kama umuamshe mwenzako. Komba walikuwa wakiruka juu ya kibanda. Tochi ikiwamulika, macho yao yanarudisha mwanga mwekundu wa kaa la moto, mawili, kisha manne, kisha hakuna.

Saa 11 kasoro, askari wa hifadhi aliyekuwa nasi, mzee mpole wa maneno machache, alinigusa bega na kusema, "Amka, kaka, usiwashe taa." Akanikalisha kwenye mzizi mkubwa kama hatua mia moja kutoka kambini. Tukakaa. Giza lilikuwa la kutoona vidole. Perere wa mwisho alinyamaza katikati ya sentensi yake, kama mtu aliyekatiwa salio. Pakawa kimya cha dakika chache, matone tu yakidondoka. Halafu ndege mmoja, noti mbili. Mzee akainua kidole. Halafu mwingine kutoka chini, karibu na ardhi. Kufika saa 12 nilikuwa nimeacha kuhesabu. Mzee alikuwa anahesabu bado, kwa kunong'ona, jina baada ya jina, na kila jina akilielekeza kwa kidevu: huyu yuko juu, huyu yuko kwenye mtama-mwitu pale pembeni ya maji, huyu ana watoto. Mbega walipoanza, alinyamaza akaniacha niwasikilize.

Saa 1 kasoro robo mwanga ulipotosha kuona, kiumbe fulani alikuja akifukuafukua majani makavu mbele yetu. Pua ndefu inayocheza, miguu myembamba kama ya mdudu, mgongo umejikunja. Sange. Akapita karibu na kiatu changu, akachokonoa, akapata alichokitaka, akatafuna kwa sauti ambayo sikutarajia kutoka kwa mnyama mdogo hivyo, akaendelea na safari. Tangu tukae pale tulikuwa hatujapiga hatua hata moja.

Sasa linganisheni saa ile na siku ya watu kumi na wanne. Msitu ni wa aina moja, mwezi ulikuwa uleule wa mwaka, na miguu yangu ni hii hii.

Nami sisemi masikio kwa kupenda kusema. Historia ya misitu yenyewe inaniunga mkono. Mwaka 1979, katika Milima ya Udzungwa nchini Tanzania, watafiti walisikia mlio wa nyani wasiyemtambua. Watu wa pale walimtambua mara moja, kwao ni n'golaga, na katika kijiji cha Sanje alikuwepo mtoto wa mnyama huyo akifugwa. Leo duniani anaitwa kwa jina la kijiji hicho. Sayansi ilimsikia kwanza, ikamwona baadaye. Miaka ishirini na kitu ikapita, kipunji naye akajulikana kwa wataalamu mwaka 2003 huko Rungwe na mwaka 2004 huko Udzungwa, nyani mkubwa tu wa zaidi ya kilo kumi, mwenye mlio wake wa kipekee, ambaye wawindaji walikuwa wakimsimulia siku zote. Na sange mwenye uso wa kijivu, mkubwa kuliko sange wengine wote wanaojulikana, ana gramu kama 700, alinaswa na kamera za kutegwa mwaka 2005 na kupewa jina la kisayansi mwaka 2008. Ikiwa wataalamu waliopiga kambi miezi na miezi walipitwa na wanyama wa ukubwa huo, mgeni wa saa tatu za katikati ya mchana mnamtegemea aone nini?

Najua majibu mtakayonipa, maana nimeshapewa kwa mdomo.

La kwanza ni usalama. Alfajiri tembo wako njiani. Kweli wako, na tembo wa msituni hutumia njia zilezile za watembea kwa miguu, kwa kuwa mteremko mzuri ni mzuri kwa kila mwenye miguu. Mimi sitaki kukutana naye kwenye kona gizani, na sijaomba kukimbizwa gizani. Naomba kuketi. Tengenezeni kituo cha kusikilizia, hatua mia mbili au tatu kutoka getini, chenye benchi na paa dogo, njia yake imefyekwa vizuri, askari ametangulia kuikagua. Watu waingie saa 11, wakae mpaka mwanga utoshe, ndipo matembezi yaanze. Kituo cha namna hiyo kinafaa hata kwa mzee asiyeweza kupanda mlima, na kwa yule mvulana wa jongoo mmoja.

La pili ni wafanyakazi. Mnasema hakuna mtu wa kuja saa hiyo. Askari wa doria wapo macho tayari, na waongozaji niliozungumza nao walikuwa radhi kuja mapema iwapo alfajiri yao italipwa kama alfajiri, isihesabiwe kuwa ni mapenzi yao kwa taifa. Kuhusu kitabu na malipo, wageni tujiandikishe jioni ya siku iliyotangulia. Kalamu yenu moja itapumzika.

La tatu, ambalo husemwa kwa sauti ya chini, ni kwamba wageni wenyewe hawataki kuamka. Baadhi hawataki, na saa 2 iwe yao. Lakini angalieni wenzenu. Kibale, Uganda, kuna ziara za siku nzima ambapo mgeni huwafikia sokwe mtu alfajiri wakiwa ndiyo kwanza wanashuka kwenye viota, na kuwafuata hadi watengeneze viota vipya jioni. Hapo hapo kuna matembezi ya usiku ya kutafuta komba. Nyungwe, Rwanda, wanaokwenda kwa sokwe mtu huondoka kukiwa bado giza. Corcovado, Costa Rica, wageni hulala kwenye kituo cha Sirena ndani ya hifadhi ili waanze kutembea kabla ya jua, na tangu 2014 haingii mtu bila mwongozaji. Taman Negara, Malaysia, wamejenga vibanda vya kulala karibu na sehemu za chumvi ambako wanyama huja kulamba, wageni wanakesha dirishani wakimsubiri tapiri, mnyama mkubwa mwenye pua kama mkonga mfupi. Huko kote kuna tembo, chui, nyoka, mito au vyote kwa pamoja. Na watu wanaamka.

Tena nidokeze kwamba hiyo saa 2 yenu nayo ina hatari yake. Katika misitu mingi ya mvua, joto la mchana hupandisha mvuke na mvua hushuka alasiri. Anayeingia saa 3 na robo hurudi mvua ikimsubiri. Mwaka mmoja tulirudi kutoka kilele tukakuta kijito tulichokivuka asubuhi kwa mawe matano sasa ni maji ya rangi ya chai ya maziwa, na mawe hayaonekani. Mwongozaji wetu, kijana mdogo, hakubishana na mtu. Alivunja kijiti, akakichomeka ukingoni pale maji yanapogusa udongo, akakaa juu ya begi lake. Maji yalikipita kijiti. Akachomeka kingine juu zaidi. Maji yakakigusa, yakasimama. Wenzangu wawili walitaka kushikana mikono wavuke, akawaambia, "Shemeji, mto huu una haraka ya kupanda na una haraka ya kushuka. Tusubiri yake ya pili." Baada ya saa moja na dakika arobaini kijiti cha kwanza kilikuwa kimesimama pakavu, shibiri nzima juu ya maji. Tukavuka, mawe matano, viatu juu ya mabega. Kama tungeingia alfajiri, saa 7 tungekuwa tumeshafika chini. Kijana yule anastahili barua yake peke yake. Mkimtambua kwa habari ya vijiti, mpandisheni cheo.

Kuhusu mwendo nitasema kwa kifupi. Ubao wenu pale mwanzo wa njia umeandika kilomita. Kilomita msituni hazimsaidii mtu. Andikeni saa, na andikeni mita za kupanda. Mgeni akisoma kilomita 4 anajiona ameshafika. Halafu maporomoko: mnayafanya kama kituo cha basi, kila mtu lazima afike na arudi. Kuna wageni wangefurahi zaidi kukaa dakika ishirini chini ya mtini wenye matunda yaliyoiva kuliko kupanda ngazi mia tano. Mtini ukizaa, kila mwenye mdomo hupita hapo, kuanzia hondohondo juu mpaka mindi wa chini anayeokota yaliyodondoka. Mwongozaji anayejua mtini gani umeiva wiki hii ni hazina, na nimeona wakikaripiwa kwa kuchelewesha kikundi.

Na matope. Njia ikiwa na dimbwi, kila mmoja wetu hukanyaga pembeni, na pembeni nako kunakuwa dimbwi, ikifika mwisho wa msimu njia ya hatua moja imekuwa ya hatua sita na miche yote imekwenda. Mimi nimo katika hao wakanyagaji, nakiri. Pangeni mawe au magogo, chimbeni mifereji ya kukata maji kwa mshazari. Mbao laini zilizopakwa rangi acheni. Zikipata ukungu ni sabuni.

Mpaka hapa mtadhani nataka mtulegezee kila kitu. Kuna sehemu nataka mtubane zaidi.

Mara zote nilizoingia kwenye hizo hifadhi, hakuna aliyewahi kuangalia soli za viatu vyangu. Safari moja nilitoka msitu mmoja Jumanne na kuingia mwingine Alhamisi, tope la kwanza bado limekauka kwenye meno ya kiatu, nikapita. Ninyi mnamjua chura wa Kihansi. Aliishi mahali pamoja tu duniani, kwenye korongo la Mto Kihansi kusini mwa Udzungwa, katika eneo la hekta chache lililoloweshwa na rasharasha za maporomoko. Alipewa jina la kisayansi mwaka 1999. Mwaka 2000 maji mengi ya mto yakaelekezwa kwenye mitambo ya umeme, rasharasha zikakauka, wakafungiwa mabomba ya kuwanyunyizia. Idadi ikapanda tena hadi maelfu. Kisha mwaka 2003 wakaporomoka ghafla, na kwenye ngozi zao kukakutwa kuvu ambayo imeua vyura katika mabara mengi. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Waliobaki walikuwa ndani ya vioo vya bustani za wanyama Marekani, kwa bahati tu kwamba mia kadhaa walikuwa wamepelekwa huko mapema, na miaka iliyofuata kazi ya kuwarudisha korongoni ikaanza. Kuvu hiyo husafiri katika maji na tope, na soli ya kiatu hubeba vyote viwili. Beseni la dawa na brashi pale getini, dakika moja kwa kila mtu. Tutanung'unika. Tuacheni tunung'unike tukiwa tunasugua.

Vivyo hivyo mafua. Mwaka 2013, katika kundi moja la sokwe mtu huko Kibale, kirusi cha mafua ya binadamu, kile ambacho kwetu ni kamasi za siku tatu, kiliua watano. Kwa hiyo anayekohoa asiende, hata kama amelipa, na utaratibu wa kumrudishia fedha au kumpangia siku nyingine uwepo, la sivyo atameza kikohozi chake mpaka avuke kizuizi. Barakoa zivaliwe mbele ya sokwe na gorila. Umbali wa mita uliowekwa uheshimiwe pia na mwongozaji anayetafuta bakshishi. Nimemwona mmoja akimsogeza mgeni mbele kwa mkono ili picha ijae uso.

Na simu. Waongozaji wengine wanawaita ndege kwa kuwachezea milio iliyorekodiwa, tena na tena, hadi ndege anatoka akiwa amevimba kifua kumtafuta mvamizi ambaye hayupo, ilhali ana mayai ya kulalia. Hili lina uhusiano na geti kuliko mnavyodhani. Saa 4 asubuhi ndege hajitokezi mwenyewe, mgeni amelipa, mwongozaji afanye nini? Mpeni alfajiri na ataiacha simu mfukoni.

Nimalizie na bango lenu la barabarani, lile lenye uso wa chui ukubwa wa mlango. Chui yupo, sikatai. Ila mnajua, nami najua, kwamba wageni karibu wote hawatamwona, na askari wenu wa miaka kumi wamemwona mara za kuhesabika. Wekeni sange. Wekeni mbega anayeota jua, na pembeni mwandike saa anayoota. Mgeni akija saa hiyo atamkuta, na akirudi nyumbani hatasema msitu ni mtupu. Siku wakija wenye ramani ya barabara ya kukatiza katikati, au ya kitu kingine chochote, mtahitaji watu wengi wanaojua kwamba si mtupu.

Ninachopendekeza ni majaribio. Geti moja, njia moja, siku mbili kwa wiki, miezi mitatu. Kikundi kisizidi watu wanane. Askari mmoja, mwongozaji mmoja, benchi moja. Kila mgeni wa alfajiri na kila mgeni wa saa 2 aandikishe alichokiona na alichokisikia, kwenye kitabu kilekile, kurasa mbili zinazotazamana. Mkimaliza, fungueni kitabu msome wenyewe. Kama ukurasa wa kushoto na wa kulia vitalingana, nitaandika barua nyingine kama hii kuomba radhi, na nitaileta kwa mkono.

Msimu ujao nitakuwa kwenye yale magogo nje ya kizuizi, kuanzia saa 11 kasoro, viatu vimesuguliwa. Mlinzi wa usiku ananifahamu.

Naomba kuwasilisha.

Mimi,
Mgeni wenu wa kitabuni, mstari wa kumi na tatu